Baisikeli Katika Jiji: Furaha Yake na Hatari Yake



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililoingia nyumbani mwangu mwenyewe na kunikosesha usingizi kwa siku mbili. Mpwa wangu, kijana wa miaka 22, alikuja Nairobi kutoka Murang'a mwanzo wa mwaka kutafuta kazi. Mungu alimjalia, akapata kazi ya ukarani wa bohari katika Industrial Area. Anakaa kwangu Umoja. Alipopokea mshahara wake wa pili alinijia jioni baada ya chakula, akaketi kwa adabu, akasema: "Mjomba, nataka kununua baisikeli ya kwendea kazini. Nimekwisha kuiona. Naomba shauri lako."

Nilimwambia anipe muda wa kufikiri. Kumbe habari hiyo ilikwisha kufika Murang'a kabla ya kufika kwangu. Asubuhi yake nilipata ujumbe wa simu kutoka kwa dada yangu, mama yake kijana. Aliandika hivi: "Kaka, nilikupa mtoto akiwa mzima. Usimwachie apande baisikeli katika barabara za Nairobi. Huku shamba twapanda sote, lakini habari za huko kwenu twazisikia kila siku."

Basi nikawa katikati ya watu wawili, na kila mmoja ana haki. Kijana anataka kutunza mshahara wake na kufika kazini mapema. Mama anataka mtoto wake arudi nyumbani na miguu yake miwili. Nami sikuweza kujitenga na shauri hili, maana nimepanda baisikeli katika jiji hili kwa miaka mingi. Nimeonja utamu wake, na uchungu wake pia umenipata. Nadhani wako wengi miongoni mwenu, makarani wa mjini na wazee walio mashambani, wenye shauri kama hili nyumbani mwao. Kwa hiyo nimeona yafaa nieleze hapa yale niliyomweleza mpwa wangu, na yale niliyomjibu dada yangu.

HESABU YA FEDHA

Tuanze na hesabu, kwa kuwa karani huamini tarakimu kuliko maneno. Kutoka nyumbani kwangu mpaka kazini kwa kijana ni kama kilomita 8. Tuseme nauli ya matatu ni shilingi 50 kwenda na shilingi 50 kurudi, ingawa sote twajua kwamba mvua ikinyesha nauli hupanda bila kuuliza mtu. Kwa siku 26 za kazi, hiyo ni shilingi 2,600 kwa mwezi, yaani shilingi 31,200 kwa mwaka.

Sasa tazama upande wa pili. Baisikeli aliyoiona ni kuukuu lakini imara, na mwenyewe anaiuza shilingi 12,000. Kofia ngumu, taa mbili na kufuli nzuri tuziwekee shilingi 3,500. Fundi, tyubu, mafuta na mipira ya breki, shilingi 500 kila mwezi, yaani 6,000 kwa mwaka. Tena usisahau siku za mvua kubwa, ambazo mtu mwenye busara huacha baisikeli nyumbani akapanda matatu. Tuseme siku 4 kila mwezi, hizo ni shilingi 4,800 kwa mwaka. Jumla ni shilingi 26,300. Basi mwaka wa kwanza kijana atabakiwa na shilingi 4,900 tu. Lakini mwaka wa pili hanunui tena baisikeli wala kofia. Matumizi yatakuwa shilingi 10,800, na akiba yake itakuwa shilingi 20,400.

Nimeiandika hesabu hii kwa ukamilifu kwa sababu wako watu wanaosema kwamba baisikeli ni usafiri wa bure. Sivyo. Baisikeli yataka kulishwa kama punda, ingawa hula kidogo. Asiyeweka shilingi 500 za fundi leo atalipa shilingi 3,000 kesho, au atalipa kwa ngozi ya magoti yake. Hata hivyo shilingi 20,400 si haba. Kwa dada yangu kule shambani, hiyo ni mbolea ya msimu na sehemu ya karo ya mdogo wake kijana.

Pamoja na fedha kuna wakati. Mtu mzima mwenye afya huenda kilomita 8 kwa baisikeli kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo. Kwa miguu ni saa moja na nusu na dakika zake. Kwa matatu hakuna ajuaye, maana wakati mwingine ni dakika 25, na wakati mwingine ni saa nzima umekaa karibu na City Stadium ukitazama mgongo wa gari lililo mbele. Mwenye baisikeli aweza kumwambia mkubwa wake wa kazi, "Nitafika saa mbili kasorobo," na akafika. Kwa karani mpya jambo hili lina thamani kubwa.

FURAHA YA NJIA

Lakini kama faida ingekuwa fedha na wakati peke yake, nisingeendelea kupanda mpaka leo. Iko furaha ambayo haiingii katika daftari la hesabu.

Jiji la Nairobi lilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, nalo limekaa mahali penye urefu wa kama mita 1,700 juu ya bahari. Kwa sababu hiyo asubuhi zetu ni za baridi njema, si kama Mombasa ambako mpanda baisikeli hulowa jasho kabla ya jua kupanda. Upande wa Eastlands nchi ni tambarare. Miguu haichoki upesi. Ukielekea magharibi, Kikuyu na Limuru, ndipo utakapojua kwamba Nairobi ina vilima, na ndipo utakapojua umri wako.

Ukitoka saa kumi na mbili u nusu asubuhi, waiona Jogoo Road ikiamka. Mama wa chai anafukuza moshi machoni, mandazi yanapakuliwa katika mafuta, walinzi wa usiku wanarudi nyumbani huku wamevaa makoti yao mazito. Katika matatu hayo yote hupita dirishani kama picha. Juu ya baisikeli wewe mwenyewe umo ndani ya picha. Wapata harufu, wapata salamu. Yuko mzee mmoja fundi wa viatu karibu na Makongeni ambaye hunisalimu kila siku kwa kuinua nyundo yake. Sijui jina lake, naye hajui langu, lakini nikikosa siku tatu huniuliza kama nilikuwa mgonjwa.

Tena twawafuata wazee wetu. Barabara hiyo ya Jogoo, iliyoitwa Doonholm Road wakati wa ukoloni, iliwaona wafanyakazi wa reli na makarani wakienda kazini juu ya baisikeli nzito nyeusi, zile ambazo watu walikuja kuziita Black Mamba. Mtu alinunua baisikeli hiyo kwa akiba ya muda mrefu, akaing'arisha kila Jumapili, na jirani akiiazima aliirudisha ikiwa imefutwa vumbi. Kule Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, baisikeli ya namna hiyo ikawa gari la abiria, na vijana wakapakia watu kutoka boda moja mpaka boda ya pili. Jina la bodaboda lilitoka huko. Baadaye pikipiki zilichukua kazi hiyo na jina hilo pia, hasa baada ya mwaka 2008, Serikali ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo.

Wala asidhani mtu kwamba baisikeli ni ya maskini tu, au ya mtu aliyeshindwa. Chris Froome alizaliwa Nairobi mwaka 1985. Alipokuwa kijana alijifunza mbio za baisikeli kwa David Kinjah, Mkenya wa huko Kikuyu, wakipanda na kushuka vilima vile vile vinavyotutoa jasho. Froome alishinda mashindano makubwa ya Tour de France mara 4, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Na siku ya Jumapili, ukienda msitu wa Karura, ule ambao Profesa Wangari Maathai na wenzake waliupigania miaka ya 1998 na 1999 usigawanywe viwanja, utawaona wazazi na watoto wakipanda baisikeli chini ya miti, matajiri kwa maskini, na hakuna honi hata moja.

HATARI ISIYOFICHIKA

Sasa nageuka upande wa dada yangu, maana hofu yake si ya bure. Katika miaka hii, zaidi ya watu 4,000 hufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na wengi sana miongoni mwao ni watu waendao kwa miguu. Mwenye baisikeli ni ndugu yao. Hana bati la kumkinga, wala mkanda, wala mfuko wa hewa. Kinga yake ni macho, masikio na akili yake.

Yafaa nieleze lililonipata mimi. Mwaka 2014, asubuhi moja ya mvua katika mwezi wa Aprili, gari moja la abiria lilinipita kwa kasi, kisha likakata kushoto ghafula mbele yangu ili kumchukua mtu aliyepunga mkono. Nilifunga breki. Ringi zilikuwa zimelowa, breki hazikushika. Nikagonga pembe ya gari, nikaingia mtaroni pamoja na baisikeli yangu, na mfupa wa mtulinga ukavunjika. Nilikaa juma 6 nyumbani, mkono umefungwa kifuani, mke wangu akinivalisha shati kama mtoto.

Kwa muda mrefu nilisimulia habari hiyo kana kwamba kosa lote lilikuwa la dereva. Kosa lake lilikuwa kubwa, sikatai. Lakini nilipomsimulia mpwa wangu niliona haya kumficha ukweli. Asubuhi ile nilikuwa nimechelewa. Nilikuwa nikilifuata gari karibu mno, mipira ya breki ilikuwa imekwisha kuliwa tangu mwezi uliopita, na nilijua. Nilimwona yule mtu akipunga mkono, nikajua gari litasimama, na bado sikupunguza mwendo kwa sababu nilisema moyoni, "Haki ni yangu." Haki ilikuwa yangu kweli, na mfupa uliovunjika ulikuwa wangu pia.

Hatari nyingine ni hizi. Lori kubwa likigeuka kushoto, dereva hamwoni mtu aliye ubavuni mwake wa kushoto. Kipo kipande cha barabara ambacho kioo chake hakikioni kabisa, na watu wamekufa hapo wakidhani wameonekana. Gari lililosimama laweza kufungua mlango usoni pako. Mifuniko ya mitaro huibwa na kuuzwa kama chuma chakavu, na shimo lililojaa maji hufanana na kidimbwi cha kawaida. Huku kwetu Eastlands udongo ni ule mweusi unaonata; mvua ikinyesha hujaa katika kinga-matope mpaka gurudumu hukataa kuzunguka, na mtu hulazimika kuibeba baisikeli iliyopaswa kumbeba yeye. Na usiku, asiye na taa ni kama mtu asiyekuwapo.

KANUNI NILIZOMPA KIJANA

Nilimwambia mpwa wangu kwamba nitampa baraka yangu kwa sharti la kushika mambo sita. Nayaandika hapa kwa faida ya wengine.

Kwanza, kila asubuhi kabla ya kutoka, shika breki zote mbili, bonyeza mipira ya magurudumu, tikisa usukani, tazama mnyororo. Kazi hii ni ya dakika moja. Mkulima hatoki kwenda kulima bila kutazama mpini wa jembe lake.

Pili, usipande ukiwa umejibana kabisa ukingoni mwa barabara. Wengi hufanya hivyo kwa woga, lakini hapo ukingoni ndipo penye vioo, mashimo na mitaro, na dereva akuonaye pale hudhani kuna nafasi ya kukupita hata pasipokuwapo. Kaa kama hatua moja kutoka ukingoni, nenda kwa mstari ulionyoka, usiyumbeyumbe. Ukipita magari yaliyosimama, acha nafasi ya upana wa mlango.

Tatu, usipite lori au basi kwa upande wa kushoto hata kama limesimama. Ngoja nyuma yake. Usilishike gari likuvute kilimani. Nimewaona vijana wakifanya hivyo kwa kicheko, na kicheko hicho siku moja huisha.

Nne, kukinyesha tumia breki mapema, kwa kugusagusa, ili maji yatoke katika ringi. Kumbuka pia kwamba gari liendalo mwendo wa kilomita 50 kwa saa, hata barabara ikiwa kavu na dereva yu macho, lahitaji zaidi ya mita 20 kusimama. Likienda kilomita 80 lahitaji kama mita 50. Usimtake dereva afanye lisilowezekana.

Tano, vaa kofia ngumu na nguo ya rangi inayoonekana, na jua likizama washa taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Kijana alicheka aliposikia habari ya koti la rangi ya machungwa, akasema wenzake watamwita mtengenezaji wa barabara. Nikamjibu kwamba ni afadhali kuitwa hivyo kuliko kuitwa marehemu.

Sita, na hili naliona kuwa kubwa kuliko yote, mwenda kwa miguu ni mkubwa wako. Kama vile unavyotaka dereva wa lori akuhurumie, mhurumie mama aliyebeba mtoto na kapu. Ukiingia katika njia ya wapita-njia, shuka au nenda polepole. Kengele ni ya kubisha hodi, haikuwekwa ili kufukuza watu. Sisi wapanda baisikeli twalalamika sana juu ya wenye magari, lakini wako wengi wetu wanaopita taa nyekundu na kwenda kinyume cha njia, kisha wakitukanwa hushangaa.

WAJIBU WA JIJI

Hata hivyo, adabu ya mtu mmoja haitoshi kama barabara yenyewe haina mahali pake. Kijana aweza kushika mambo yote sita na bado akagongwa na mtu asiyeshika hata moja. Kwa hiyo sitaki wasomaji wadhani kwamba nawatupia mzigo wote wapanda baisikeli.

Katika jiji hili, karibu nusu ya safari zote hufanywa kwa miguu, na baisikeli zina sehemu ndogo mno. Wako wasemao, "Mwaona? Watu hawataki baisikeli." Mimi nasema ni sawasawa na kusema watu hawataki kuvuka mto mahali pasipo daraja. Mwaka 2015 Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilitoa sera juu ya watu waendao kwa miguu na kwa baisikeli, ikaahidi kwamba fedha za barabara zitatengwa sehemu ya 20 kwa 100 kwa ajili yao. Ahadi hiyo ni njema, nasi yatupasa kuikumbuka na kuitaja kila mara makadirio ya fedha yanaposomwa. Ziko kazi zilizofanyika. Miaka ya 2020 na 2021 njia za baisikeli zilitengenezwa katikati ya mji, Kenyatta Avenue ikiwa mojawapo, na Ngong Road ilipopanuliwa ilipata njia zake kando. Lakini njia nyingi hukatika ghafula, kama hadithi iliyokosa mwisho, na nyingine zimekuwa mahali pa pikipiki, vibanda na magari ya kuegesha. Barabara kuu ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye urefu wa kilomita 27, si ya baisikeli kabisa. Anayepita chini yake hutafuta nafasi kati ya nguzo na magari.

Watu husema, "Hayo ni mambo ya Ulaya, wenzetu Waholanzi walizaliwa juu ya baisikeli." Si kweli. Mwaka 1971 watu kama 3,300 walikufa katika barabara za Uholanzi, na zaidi ya 400 walikuwa watoto. Miji yao ilikuwa ikibomoa na kupanua ili magari yapite. Ndipo wazazi walipotoka njiani kudai watoto wao wasiuawe. Mwaka 1973 mafuta yakawa adimu duniani, na Serikali yao ikakataza magari siku za Jumapili kwa muda. Watu wakaona jinsi mji unavyokuwa ukinyamaza. Njia za baisikeli tunazoziona leo katika picha zilijengwa kidogo kidogo baada ya hapo, kwa sababu akina mama kama dada yangu walikataa kunyamaza. Haba na haba hujaza kibaba.

Nasi tunayo ya kufanya bila kungoja miaka 50. Wewe karani uliye na sauti ofisini, mwombe mkubwa wako atenge mahali penye paa na chuma cha kufungia baisikeli, na bomba la maji la kunawia uso. Jambo hili ni la gharama ndogo, na wafanyakazi watafika mapema. Wewe mwenye gari, ukimpita mpanda baisikeli mwachie nafasi ya mita moja au zaidi, na kabla ya kufungua mlango tazama nyuma. Wewe mwenye duka, usipange bidhaa zako juu ya njia. Na sote tukikutana na mjumbe wetu wa kaunti katika harusi na matanga, tumwulize juu ya njia iliyokatika, kama tunavyomwuliza juu ya maji na taa.

MWISHO WA SHAURI

Nilimwandikia dada yangu ujumbe mrefu. Nilimweleza hesabu, nikamweleza hatari, wala sikumficha habari ya mtulinga wangu, ingawa mwaka ule nilikuwa nimemwambia kwamba niliteleza bafuni. Nikamwambia kwamba sitamruhusu kijana apande siku ya kazi mpaka tumepanda pamoja Jumapili mbili, mimi nyuma na yeye mbele, ili nimwone.

Alinijibu kwa ufupi: "Kumbe ulinidanganya juu ya bafu. Haya, panda naye Jumapili tatu."

Tulipanda Jumapili tatu. Ya kwanza kijana alikwenda kwa pupa, nikamsimamisha mara tano. Ya pili mvua ilitukuta karibu na Hamza, naye akaona kwa macho yake breki zinavyokataa. Ya tatu nilinyamaza njia nzima, kwa kuwa sikuwa na la kusema. Alipofika mbele ya lango la kazi yake alishuka, akaiegemeza baisikeli ukutani, akaniuliza: "Mjomba, nimekosa wapi?" Nikamwambia alikuwa amesahau kutazama nyuma mara moja tu, alipoikwepa mkokoteni. Akakubali.

Sasa huu ni mwezi wa pili anakwenda kazini kwa baisikeli. Kila asubuhi mama yake huniandikia neno moja: "Amefika?" Nami namngoja kijana anipigie, kisha namjibu dada: "Amefika." Siku atakayoacha kuuliza nitajua kwamba hofu imempungua. Lakini nakiri kwenu, wasomaji, kwamba nami nangoja simu hiyo nikiwa sijanywa chai. Mpaka barabara zetu zitakapokuwa na nafasi ya kila mtu, ndivyo itakavyokuwa katika nyumba nyingi.

Wenye maarifa ya kupanda katika miji mingine, Kisumu, Nakuru, Eldoret au Mombasa, na waniandikie. Kama ziko kanuni nilizozisahau, nitazichapa hapa. Juma lijalo, Mungu akipenda, nitazungumza juu ya mafundi wa baisikeli na jinsi ya kumtambua fundi mwaminifu kabla hajagusa spana.